Kusafisha silinda hedi kabla ya kuirudisha kwenye injini: mwongozo kamili

Hedi ya kwanza niliyoisafisha peke yangu, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda na kubeba valvu, ilitoka inang'aa kama sufuria mpya. Nilifunga kisahani cha msasa kwenye drili, nikazungusha mpaka nikajiona kwenye ile aluminiamu, nikapuliza upepo, nikafunga. Injini ikawaka kwa mkupuo mmoja, mwenye gari akaondoka ameridhika. Wiki chache baadaye gari likarudi likivutwa, konrodi, vile vyuma vinavyobeba pistoni, zinagonga. Tuliposhusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tukakuta beringi zimechubuka kana kwamba mtu alizipitishia tupa. Uchafu wa zamani wa injini ile haukuwa na kosa lolote. Kilichokula beringi ni unga wa msasa nilioumwaga mwenyewe siku ya kusafisha.

Ndiyo maana siku hizi, nikiwekewa hedi chafu mezani, sianzi kuwaza namna ya kuing'arisha. Najiuliza: uchafu huu nikiubandua hapa, unaangukia wapi? Hatua zote zinazofuata, hata zile zinazoonekana za kujisumbua bure, zimetokana na swali hilo.

Uchafu ni ushahidi

Mafundi wengi huimwagia hedi dawa dakika ileile inapotoka kwenye injini. Subiri kwanza. Hedi chafu inakueleza kwa nini ilifunguliwa, na ukishaiosha haitakueleza tena.

Tazama chemba za mwako moja moja. Ikiwa tatu zina masizi na ya nne ni safi, inaonyesha metali tupu, basi maji yalikuwa yanaingia humo na mvuke ukawa unaiosha kila siku. Chemba yenye ukoko mnene ulioloa oili inakuelekeza kwenye sili za valvu, bushi zake (mirija ambamo shina la valvu hupita) au ringi za pistoni. Geuza gasketi ya zamani, ile inayokaa kati ya hedi na bloku ya injini, uisome pia: mstari mweusi unaokatiza kutoka silinda moja hadi ya pili ni njia ambayo gesi ilikuwa inapita. Tope la rangi ya maziwa chini ya kava la valvu huwa ni maji yaliyochanganyika na oili.

Piga picha za kila kitu, andika namba za silinda kwa kalamu isiyofutika, na usiitupe gasketi ya zamani mpaka mpya iwe imefungwa. Injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti, na unene huo hutambulika kwa vitundu au mapengo madogo yaliyokatwa ukingoni. Ukiitupa ya zamani kabla hujayahesabu, utabaki unakisia.

Jambo jingine la mapema: hedi hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa, na bolti hulegezwa kidogo kidogo kuanzia za pembeni kuelekea katikati. Ukiilegeza hedi ya aluminiamu ingali ya moto inaweza kupinda, na hapo hakuna usafi utakaoisaidia.

Ni aluminiamu au ni chuma?

Weka sumaku. Ikishika, hedi ni ya chuma cha kusubu. Isiposhika, ni aluminiamu, na magari mengi ya leo yana hedi hizo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa utakayotumia.

Hedi ya chuma huvumilia karibu kila kitu. Aluminiamu hailiwi na maji ya sabuni wala dizeli, lakini kostiki soda huila. Dawa ya kuzibulia mabomba, dawa kali ya kusafishia majiko ya kuokea, na baadhi ya unga wa kuoshea mashine zina kostiki ndani yake. Zikigusa aluminiamu zinatoa povu, metali inageuka nyeusi, na hewa inayotoka ni haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche. Nimeona hedi iliyolowekwa usiku kucha kwenye dawa ya namna hiyo: uso wake ulikuwa na vishimo kama ngozi iliyougua ndui. Soma kibandiko cha dawa. Kama hakisemi wazi kuwa ni salama kwa aluminiamu, iache.

Petroli nayo iweke mbali. Inasafisha, ndiyo, lakini mvuke wake hutambaa sakafuni ukitafuta moto. Dizeli au mafuta ya taa yanafanya kazi hiyo kwa hatari ndogo zaidi. Dawa za kusafishia breki ziko za aina mbili, na zile zenye klorini zikipata joto kali, kwa mfano la kuchomelea, hutoa gesi ya sumu inayoitwa fosijeni. Usipulizie dawa hiyo halafu ukawasha gesi ya kuchomelea karibu yake, hata kama unadhani imekwisha kukauka.

Kuvua vilivyomo

Huwezi kuisafisha hedi vizuri ikiwa bado imevaa kila kitu. Toa manifoldi, thamostati, sensa, plagi au nozeli, kamshafti inayosukuma valvu, tapeti zilizo kati yake na valvu, kisha springi na valvu, ila hizi mbili zisubiri mpaka chemba zisafishwe kama nitakavyoeleza. Kadiri unavyotoa ndivyo unavyopanga, kwa sababu karibu kila kipande kimezoea mahali pake.

Vikombe vinavyoshikilia kamshafti vilitobolewa vikiwa vimefungwa kwenye hedi hiyohiyo, kwa hiyo havibadilishani nafasi wala hedi. Kwa kawaida vina namba na mshale. Kama havina, vitie alama mwenyewe. Tapeti za oili zisimamishe wima kwenye chombo chenye oili safi, kila moja katika sehemu yenye namba yake. Ukizilaza, oili inatoka na hewa inaingia. Kwa valvu, chukua boksi gumu, litoboe matundu kwa mpangilio wa hedi yenyewe, andika "mbele" upande mmoja, kisha chomeka kila valvu mahali pake.

Kabla hujaisukuma valvu itoke, pitisha kidole kwenye mfereji wa juu ya shina, pale koleti, vile vipande vidogo vinavyoishikilia springi, zinaposhika. Ukikuta ukingo uliovimba, uparuze taratibu kwa tupa laini. Ukiilazimisha ipite hivyohivyo, itakwangua bushi kutoka juu hadi chini.

Onyo moja ambalo mara nyingi huja baada ya hasara: kama hujatoa kamshafti, usiilaze hedi kifudifudi mezani. Baadhi ya valvu zinakuwa zimesukumwa wazi na zimechomoza kupita uso wa hedi. Uzito wote utazikalia na zitapinda. Iweke juu ya vipande viwili vya mbao, kimoja kila mwisho.

Uso wa gasketi

Hapa ndipo kazi ilipo. Chemba ikibaki na rangi ya masizi, injini haitajali. Uso wa gasketi ukiwa na mkwaruzo mmoja unaotoka kwenye njia ya maji hadi ukingo wa silinda, utaifungua hedi hiyo tena.

Fikiria kinachotokea pale. Aluminiamu ikipata joto hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Hedi ya aluminiamu yenye urefu wa sentimita 50, ikipanda nyuzi 80 za Selsiasi, hurefuka karibu milimita 0.9. Bloku ya chuma iliyo chini yake hurefuka takriban nusu ya hapo. Maana yake kila unapowasha na kuzima gari, nyuso hizi mbili zinasuguana juu ya gasketi kwa sehemu ya milimita, huku gesi ya mwako ikitafuta pa kutokea. Kipande cha gasketi ya zamani kilichobaki, hata kiwe chembamba kama karatasi, huinua sehemu moja na kuinyima jirani yake mgandamizo.

Anza na dawa ya kulainishia gasketi, ile ya kupulizia au kupaka. Iache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha kwangua kwa kipande cha plastiki ngumu au mbao ngumu iliyochongwa kama patasi. Rudia mara mbili au tatu kabla ya kufikiria chuma. Ukilazimika kutumia wembe, ulaze karibu sambamba na uso, usukume mbele, usiuburute, wala usitumie kona yake. Kwenye hedi ya chuma cha kusubu una nafasi ya kukosea; kwenye aluminiamu huna. Bisibisi si kikwangulio, hata kama ndiyo iliyo karibu na mkono.

Injini za zamani sana zina jambo lao: gasketi zake zinaweza kuwa na asbesto. Usizisugue zikiwa kavu na usipulize vumbi lake. Ziloweshe, uzitoe zikiwa mbichi, na uzifunge kwenye mfuko.

Sasa vile visahani vya msasa na brashi za plastiki zenye unga wa kusagia zinazofungwa kwenye drili au mashine ya upepo. Najua vinavyovutia: dakika tano tu na uso unameremeta. Vina madhara mawili. Kwanza, vinakula metali bila usawa. Mkono haukai sawasawa, kwa hiyo unachimba bonde karibu na matundu ambapo aluminiamu ni nyembamba. Huwezi kuliona kwa macho, lakini gasketi za tabaka za chuma, zinazotumika kwenye injini nyingi za kisasa, zinaliona mara moja kwa sababu hazina unene wa kujaza mabonde. Pili ni ule unga. Unga wa visahani hivyo kwa kawaida ni oksaidi ya aluminiamu, madini magumu kuliko chuma cha krankishafti. Unajificha kwenye njia za oili, na mara injini inapowaka unapelekwa moja kwa moja kwenye beringi. General Motors ilifikia hatua ya kuwatolea mafundi taarifa maalumu ya kuwaonya kuhusu vifaa hivi. Mimi nilifundishwa na beringi zangu.

Wengine huweka msasa juu ya kioo na kuisugulia hedi hapo. Kwa injini ndogo ya mashine ya kukatia majani, sawa. Kwa hedi ya gari, kama inahitaji kunyooshwa basi inahitaji mashine ya kuskimu, inayochonga uso mzima uwe tambarare, na kama haihitaji kunyooshwa basi haihitaji msasa.

Utajuaje kwamba umemaliza? Funga macho, pitisha ukucha polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Ukucha ukikwama popote, bado. Usipokwama, umemaliza, hata kama unaona kivuli cha gasketi ya zamani kimechorwa kwenye metali. Kivuli hicho ni rangi tu. Mafundi wengi wameharibu uso mzima wakikimbizana nacho.

Ukoko wa masizi

Kwenye chemba za mwako kuna ujanja ambao wengi hawautumii: safisha chemba kabla ya kutoa valvu. Valvu zikiwa zimefungwa zinafunika viti vyake, na plagi ya zamani iliyofungwa mahali pake inalinda nyuzi. Yaani usitoe springi na valvu mpaka sehemu hii ikamilike, ingawa vingine vyote vimeshatoka.

Paka dawa ya kabureta au dawa ya kulainisha kaboni, acha saa kadhaa, kisha ondoa ukoko kwa mbao na plastiki. Kilichogoma kitolewe kwa brashi ya nyaya za shaba nyeupe, kwa mkono au kwenye drili inayozunguka polepole. Brashi ya nyaya za chuma huchora aluminiamu, na kila mchoro ni mahali ambapo masizi mapya yatashika. Mwendo ukiwa mkali, nyaya hukatika na kuruka. Vaa miwani, na baadaye uzitafute, kwa sababu waya mmoja uliokwama kwenye kiti cha valvu unatosha kuiunguza valvu. Usiruhusu brashi ivuke ukingo wa chemba na kugusa uso wa gasketi. Wala usilazimishe weupe. Utando mwembamba wa kahawia hauna shida.

Ukikuta migongo ya valvu za kuingiza hewa imevimba kwa ukoko mweusi, mzito kama lami iliyokauka, huenda injini ni ya aina inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za mtindo wa zamani petroli hupita juu ya valvu hizo na kuziosha; kwenye hizi haipiti kabisa, na mvuke wa oili hujikausha hapo safari baada ya safari. Zikiwa zimeshatolewa kazi inakuwa nyepesi: loweka, kwangua, rudia.

Vipi kuhusu kupuliza mchanga au shanga za kioo? Hedi inatoka nzuri ajabu, na ndani yake kuna mamia ya shanga zinazosubiri oili ya moto izing'oe. Karakana inayojua kazi huziba kila tundu na kuosha mara kadhaa baadaye. Kama huna uhakika kuwa watafanya hivyo, usiwapelekee.

Kuosha, na yale matundu yasiyoonekana

Vilivyokwanguliwa vyote sasa vimetapakaa kwenye hedi. Lengo la kuosha ni kuvitoa nje, vyote, bila kuacha hata kimoja kwenye njia ya oili.

Anza na dizeli au mafuta ya taa na brashi laini, juu ya beseni, ili grisi na tope viondoke. Kisha maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta. Watu huogopa maji kwenye injini, lakini hakuna dawa ya kupulizia inayobeba chembe kama maji mengi ya sabuni yanavyobeba. Dawa huyeyusha grisi na kuacha mchanga palepale ulipokuwa. Geuza hedi, osha kutoka juu, geuza tena, osha kutoka chini.

Njia za oili zinataka brashi ndefu nyembamba, kama zile za kusafishia mitutu ya bunduki au mirija ya chupa. Tafuta kwanza mahali oili inapopanda kutoka kwenye bloku. Mara nyingi ni tundu moja tu, wakati mwingine linapita kando ya bolti ya hedi, na kwenye baadhi ya injini kuna kijitundu chembamba cha kupunguza mkondo. Kijitundu hicho kikiziba, kamshafti inakauka. Fuata njia hiyo hadi kwenye kila kiti cha kamshafti na kila nyumba ya tapeti. Kama kuna vizibo vya nyuzi mwishoni mwa njia kuu, vifungue, kwa sababu tope hutulia kwenye ncha zisizo na pa kutokea. Vile vilivyopigiliwa visiguswe, ila kama una vipya mkononi. Injini zenye mfumo wa kubadili taimingi ya valvu huwa na vichujio vidogo vya wavu. Vitafute na uvioshe au uvibadilishe.

Kuna pia matundu makubwa ambayo oili hurudia kwenye sampu. Hayo hujaa tope hadi oili inabaki juu na kuzama kwenye bushi za valvu, kisha mtu analaumu sili. Pitisha mwanga upande mmoja, utazame upande wa pili.

Njia za maji ni ngumu zaidi kuzifikia. Chokonoa magamba kwa waya mnene, pitisha maji kwa msukumo, pande zote mbili. Magamba yakiwa mengi sana, tumia dawa ya kusafishia mfumo wa maji iliyo salama kwa aluminiamu, halafu suuza kwa subira. Ukiyalegeza nusunusu ukayaacha, yataenda kukaa kwenye rejeta.

Baada ya kusuuza, puliza upepo wa kompresa kwenye kila tundu huku umeshika kitambaa cheupe upande linapotokea. Kitambaa kikichafuka, rudi kwenye sabuni. Mimi huwa narudi mara tatu. Ya tatu ndiyo huanza kutoka safi. Na usichelewe kukausha. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, lakini viti vya valvu kwa kawaida ni vya metali yenye chuma, na vikibaki na maji vinaweza kupata rangi ya kutu ndani ya saa moja. Vipake oili nyepesi mara tu vinapokauka, pamoja na bushi, kisha ifunike hedi yote kwa mfuko safi wa plastiki.

Maji machafu yaliyochanganyika na oili na dawa ya rejeta usiyamwage mtaroni. Dawa nyingi za rejeta zina ethilini glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu. Watoto na wanyama huweza kuinywa.

Valvu zenyewe

Ukoko wa kwenye valvu hutoka kwa brashi ya nyaya, lakini usiguse sehemu mbili: shina linalopita kwenye bushi na ule mkanda mwembamba unaokutana na kiti. Valvu yenye mkanda ulioungua, shina lililoliwa au kichwa kilichopinda haifai kusafishwa, inafaa kubadilishwa. Kumbuka pia kwamba baadhi ya valvu za eksozi zina shina la uwazi lililojazwa sodiamu, metali inayowaka ikikutana na maji. Usizikate wala kuzitoboa.

Kusaga valvu kwenye kiti chake kwa dawa ya kusagia ni sawa kama kitabu cha injini kinaruhusu. Valvu zilizopakwa utando maalumu usizisage: ukizisaga mara moja tu, utando umekwisha. Unachotafuta ni mviringo wa kijivu usiokatika, wenye upana wa milimita 1 hadi 2 kwa injini nyingi. Ukisaga, hesabu kuwa umeichafua hedi upya, tena kwa mchanga ulio mkali kuliko wote. Rudi kwenye sabuni na maji ya moto tangu mwanzo. Sili za valvu ziwe mpya daima.

Pima kabla hujafunga

Hedi safi ndiyo inayopimika. Weka rula ya chuma iliyonyooshwa kwa mashine, si ile ya shuleni, kwenye uso wa gasketi: mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, na mara mbili kimshazari. Kila mara jaribu kupitisha chini yake jani la fila geji, kile kipimo cha majani membamba ya chuma. Kwa injini nyingi za magari madogo kikomo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Ikizidi, ipeleke ikaskimiwe, lakini uliza kwanza unene wa chini unaoruhusiwa. Kuna hedi za dizeli ambazo watengenezaji wamekataza kuziskimu kabisa.

Nyufa hupenda kukaa kati ya viti viwili vya valvu na kuzunguka tundu la plagi. Dawa ya rangi nyekundu yenye unga mweupe huzionyesha: unapaka nyekundu, unafuta, unapulizia nyeupe, na ufa unachora mstari wake wenyewe. Kama gari lilichemka sana, usitosheke na hilo. Omba hedi ijaribiwe kwa shinikizo, njia za maji zikiwa zimezibwa.

Valvu zikisharudishwa na springi zake, laza hedi juu ya mbao chemba zikitazama juu, funga plagi, mimina mafuta ya taa kwenye kila chemba na utazame ndani ya matundu ya manifoldi. Unyevu ukitokea baada ya dakika chache, valvu hiyo haijakaa.

Upande wa bloku

Inashangaza jinsi watu wanavyokesha na hedi kisha wakaipa bloku dakika kumi. Gasketi ina nyuso mbili, na uso wa chini ndio ulio juu ya silinda zilizo wazi.

Jaza vitambaa kwenye silinda na uzibe matundu ya oili na maji kabla ya kukwangua chochote. Tumia mashine ya kufyonza vumbi, si upepo. Upepo unapeleka chembe usikotaka. Kwa pistoni zilizo juu, pakaa grisi kwenye mwanya kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Chembe zitanasa humo. Ukimaliza, shusha pistoni kidogo, futa mduara wa grisi uliobaki ukutani, na uchafu wote umetoka nao. Kwenye injini iliyotembea sana, mimi masizi ya ukingoni mwa pistoni nayaacha.

Halafu matundu ya bolti. Maji au oili iliyobaki chini ya tundu lisilo na pa kutokea haibanani. Bolti ikishuka inaligeuza tundu kuwa jeki, na bloku inaweza kupasuka. Hata isipopasuka, spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, itakudanganya kuwa bolti imekaza kumbe inasukumana na maji. Nyonya kilichomo, puliza ukiwa umefunika tundu kwa kitambaa na umevaa miwani, kisha safisha nyuzi kwa bolti ya zamani iliyochongwa mifereji pembeni. Tapu ya kukatia nyuzi mpya hupunguza metali, iache.

Bolti zinazokazwa kwa digrii za pembe baada ya torki mara nyingi hutumika mara moja tu. Kama kitabu kinasema mpya, nunua mpya.

Saa ya mwisho

Nawa mikono, badilisha glavu. Futa nyuso zote mbili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa asetoni au spiriti, ukifuta upande mmoja na kubadilisha kitambaa mpaka kisichukue rangi tena. Kuanzia hapo usiguse uso kwa kidole kitupu. Gasketi itolewe kwenye mfuko wake wakati huohuo, si jana yake, na ikae kavu, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza kupaka kitu mahali fulani. Wale wanaopaka silikoni uso mzima "kwa usalama" wanaiwekea gasketi utelezi, na vipande vya silikoni vinavyobanduka huishia kwenye njia za oili na maji.

Hakikisha pini za kuelekezea zimekaa, linganisha matundu ya gasketi na ya bloku, shusha hedi wima bila kuiburuta, kisha kaza kutoka katikati kwenda pembeni kwa awamu na torki zilizoandikwa. Paka oili ya kutosha kwenye kamshafti na tapeti, weka oili mpya na filta mpya. Ukiweza, zungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka taa ya oili izime. Ikishawaka, iache ipate joto, kagua uvujaji, na baada ya kilomita mia chache za kwanza mwaga oili hiyo. Kata filta kwa kikatio cha filta, nyoosha karatasi yake kwenye mwanga wa jua, utazame kilichonaswa humo.